Kabla ya mganga, angalia unachomeza: ndoto za wazi na usingizi usioshiba

Uzi huu nimeusoma tangu juzi, michango yote, nikawa nasita kuandika kwa sababu nitakayoisema hapo chini. Kwa walioingia sasa hivi: mleta mada ni dereva wa daladala, miaka 41. Anasema tangu mwezi wa pili anaota ndoto za wazi mno, mpaka akiamka anapapasa kitandani akitafuta funguo alizokuwa ameshika ndotoni. Mara nyingi anaota gari lake linateremka mlima halina breki. Anaamka amechoka kuliko alivyolala, Jumapili ndiyo siku mbaya kuliko zote, na mara mbili ameshtuka akashindwa kuinua hata kidole, kitu kizito kimemkalia kifuani.

Wadau mmemshauri shekhe, mchungaji, ufagio chini ya kitanda, na mmoja kauliza kama ana kesi ya kiwanja na ndugu zake. Lakini mstari wa nne wa maelezo yake una jambo ambalo wote tumelipita kama mwendokasi unavyopita kituo ambacho hausimami. Kasema mwezi huohuo wa pili alianzishiwa dawa ya presha na moyo kwenda mbio.

Kaka, mimi si daktari. Nauza vitumbua Tanga, na kwa miaka mitano nilimeza dawa iliyonifanya niote ndoto kama zako, na zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kusita kwangu. Hapa sina jina wala picha, kwa hiyo naandika: mwaka 2014 nilianza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Wakati ule wengi wetu tulipewa kidonge kimoja cha usiku, chenye dawa tatu ndani yake, na mojawapo ni efavirenz miligramu 600. Waliokitumia wanajua. Siku za mwanzo unakuwa kama mlevi, unashika ukuta kwenda chooni. Halafu zinakuja ndoto.

Dirishani niliambiwa "meza usiku unapokwenda kulala" na foleni ikasogea. Hakuna aliyenitajia ndoto. Nami sikuuliza, nani anauliza habari za ndoto na nyuma yake kuna watu hamsini?

Yangu ilikuwa hivi. Nimekaa kwenye jiko langu, karai limeshika moto, navipanga vitumbua kwenye beseni. Anakuja kaka yangu, aliyefariki 2009, amevaa shati lake la mistari la siku ya Idi. Hanisalimii. Anachuchumaa, anahesabu vitumbua kimoja kimoja kwa kidole, anafika mwisho, ananitazama: "Kimoja kimepungua." Basi. Hakuna damu, hakuna joka, hakuna mtu anayekukimbiza. Lakini harufu ya iliki ninaisikia, joto la mafuta linanipiga usoni, na nikishtuka moyo unadunda kama ngoma ya mdundiko. Saa nane hiyo, au saa tisa. Mume wangu anasema nilikuwa naweweseka, nahesabu kwa sauti.

Sasa wewe fikiria maana yake kwa mtu wa pwani. Maiti anakuja anasema kimoja kimepungua! Nina watoto watatu. Nikawa kila nikiamka nakwenda kuwagusa pua kuona kama wanapumua. Mama mkwe akasema marehemu anadai. Tukasoma hitima, mchele kilo ishirini na mbuzi mmoja, na sijutii, dua ni haki ya marehemu hata asipokuja ndotoni. Usiku wa tatu akarudi. Kimoja kimepungua.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja mwenzetu pale kliniki, mgonjwa kama sisi, aliyekuwa akisaidia kuwaelekeza wapya. Hakuniuliza naota nini. Aliniuliza: "Kabla ya kumeza unakula nini?" Nikamwambia ukweli: vitumbua vilivyobaki, au chipsi mayai kama siku ilikuwa nzuri, halafu hapohapo nashushia kidonge ili kisinichome tumbo. Akacheka. Kumbe efavirenz inatakiwa imezwe tumbo likiwa tupu, maana chakula chenye mafuta mengi huifanya iingie kwenye damu kwa wingi kupita kiasi. Mimi muuza vitumbua nilikuwa najiongezea dozi kila usiku kwa mafuta ya kukaangia! Baadaye nilielezwa na mfamasia kwamba kuna watu ambao miili yao, kwa kurithi tu, inaichuja dawa hiyo polepole, inabaki nyingi kwenye damu, na watu wa namna hiyo sisi Waafrika tunao wengi. Hao ndoto huwachapa zaidi.

Nikabadilisha. Chakula baada ya magharibi, kidonge saa nne. Baada ya kama wiki mbili ndoto zilipungua ukali. Hazikwisha, zilipungua. Kaka alikuwa anakuja mara moja kwa wiki badala ya kila siku.

Nimeanza na hili kwa sababu watu wanadhani ndoto zinatoka aidha mbinguni au kwa adui. Zinaweza kutoka kwenye pakiti ya vidonge. Na dawa zenye tabia hiyo si za wagonjwa kama mimi tu. Zipo dawa za presha na mapigo ya moyo, propranolol ndiyo inayotajwa sana, ambazo huingia mpaka kwenye ubongo na kuleta ndoto za wazi. Zipo baadhi za sonona. Ipo mefloquine, ile ya kukinga malaria ambayo watalii walikuwa wakija nayo, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kabisa kwa sababu ya kuvuruga akili na mishipa ya fahamu. Hata ile plasta ya nikotini ya kuachia sigara, ukilala nayo, unaota sinema.

Sasa, kwa nini unaamka umechoka? Hapa ndipo nilipokuwa nakosea mwenyewe kwa miaka. Nilidhani ndoto ndiyo inayonichosha, kwamba nimehesabu vitumbua usiku kucha. Sivyo.

Mwaka 1953 watu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, walitangaza kwamba mtu akiwa amelala kuna nyakati macho yake huchezacheza chini ya kope, na ukimwamsha hapo mara nyingi atakusimulia ndoto. Aserinsky aligundua kwa kumfungia nyaya mwanawe wa miaka minane; hiyo huwa inanichekesha, mtoto wa mtu kulazwa na waya kichwani. Usingizi huo wanauita REM. Unakuja kwa zamu, karibu kila dakika 90, na zamu hazilingani. Ukilala saa nne usiku, zamu ya kwanza inakuja kama saa tano na nusu na ni fupi, dakika kumi hivi. Kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo zamu zinavyorefuka. Ndoto ndefu, zenye rangi na watu wanaoongea, ziko kwenye saa za mwisho, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili.

Na kila mtu anaota. Yule shemeji yako anayesema "mimi siotagi" anaota vilevile, ila anapita kwenye ndoto bila kuamka, asubuhi haina alama. Ndoto unayoikumbuka kwa undani ni ile uliyoamkia katikati yake au pembeni yake. Kwa hiyo mtu anaposema "siku hizi naota sana", mara nyingi maana yake ni "siku hizi naamka sana". Usingizi wako umekatikakatika, ni wa mang'amung'amu. Halafu ongeza na muda wa kukodoa macho baada ya kushtuka. Mimi nilikuwa nashtuka saa nane, nawagusa watoto pua, narudi kulala, sipati hata lepe mpaka saa kumi, na saa kumi ndiyo saa yangu ya kwenda kusaga mchele. Ndoto yenyewe labda ilikuwa robo saa. Kilichonila ni saa mbili za baadaye.

(Watu wa pwani tunapenda kusema fulani kalala usingizi wa pono. Nasikia pono wengine kabla ya kulala hujizungushia utando wa ute kama chandarua, wakalala humo mpaka asubuhi. Nami nilikuwa nao uvivu wa kuchomekea chandarua vizuri, mbu mmoja sikioni na nimeamka katikati ya hesabu za kaka.)

Turudi kwako. Umesema siku za kazi unaamka saa tisa usiku kuwahi gari, na kulala ni saa nne. Hizo ni saa tano. Yaani kila siku unaukata usingizi palepale ambapo ndoto zilikuwa ndiyo zinaanza kurefuka. Mwili haukubali kudhulumiwa, unaandika deni. Jumapili unalala mpaka saa mbili, deni linalipwa lote kwa mkupuo, REM inakuja mapema na kwa nguvu. Ndiyo maana Jumapili gari halina breki mara tatu.

Na Jumamosi jioni umesema "bia mbili tatu za kunisaidia kulala". Sikuhukumu. Lakini pombe inakulaza haraka, inazikandamiza ndoto za nusu ya kwanza ya usiku, ikishaisha kwenye damu zinafumuka nusu ya pili, na usingizi unakuwa mwepesi, unaamkaamka, mkojo nao. Deni la wiki, bia, na dawa mpya: vyote vimekutana Jumapili alfajiri. Hapo bado tunamtafuta mchawi?

La kukaliwa kifuani. Hilo ni jinamizi, na neno hilo bibi zetu walikuwa nalo kabla ya nyaya za Chicago. Tukiwa kwenye REM mwili hufungwa, misuli yote inalegea isipokuwa ya macho na ya kuvuta pumzi na michache mingine, ili usiinuke ukatenda unachokiota. Mara mojamoja akili inaamka kabla kufuli halijafunguliwa. Unaona chumba chako, pazia lako, na huwezi kusogea, na mabaki ya ndoto bado yanatembea chumbani. Hofu inamalizia kazi: kivuli, uzito, mkono shingoni. Inapita kwa sekunde au dakika chache. Ukilala chali inakuja kwa urahisi zaidi, na ukiwa na upungufu wa usingizi ndiyo kabisa.

Wenye umri wangu mnakumbuka 1995, habari za popobawa, lile jini la kukaba watu usiku, kutoka Pemba na baadaye Unguja. Shangazi yangu wa Wete alitusimulia mtaa mzima ulivyolala nje, mikeka uwanjani, moto umewashwa, mtu akisinzia anapigwa kibega. Kila nyumba ilikuwa na aliyekabwa. Sisemi kwamba nimelimaliza swali la popobawa, wazee watanifuata PM. Nasema hivi: mtaa ambao watu wake wamekesha wiki nzima kwa woga, halafu wakadondokea usingizi saa kumi, lazima uvune majinamizi mengi kuliko kawaida. Na kila jinamizi jipya linawapa sababu ya kukesha tena.

Ukilipata tena usipigane nalo kwa mwili wote. Jaribu kukisogeza kidole kimoja cha mguu au kuvuta pumzi polepole. Mimi bibi alinifundisha tangu mtoto, ukishtuka na ndoto mbaya tema mate mepesi kushoto mara tatu, jikinge kwa Mungu, geukia ubavu wa pili, wala usimsimulie mtu. Ni mafundisho ya dini, lakini yatazame pia kama utaratibu: hukai kuitafuna ndoto, hujiulizi maana yake saa tisa usiku, umegeuka hujalala tena chali. Kurudi kulala kunakuwa rahisi. Ninafanya mpaka leo.

Kuna jambo jingine nililojifunza na ndilo lililomgusa kaka yangu hasa. Mshauri nasaha mmoja aliniambia nisiisubiri ndoto usiku, niikamate mchana. Nikae nikiwa macho, niisimulie upya kichwani, ila niibadilishe mwisho nitakavyo, halafu niurudie mwisho huo kila siku kwa dakika chache. Nikaona ni mambo ya kitoto. Baadaye nilikuja kusoma kwamba daktari wa Marekani, Barry Krakow, na wenzake walilichapisha mwaka 2001 baada ya kuwajaribu nalo wanawake waliobakwa na wanaoteswa na ndoto za kutisha, na liliwasaidia. Mimi nilikuwa nalifanya jioni nikichagua mchele wa kuloweka. Naona karai, naona shati la mistari, anahesabu, anasema kimoja kimepungua. Hapo mimi nanyoosha mkono, nilikuwa nimekishika kimoja, nampa. Kila jioni, mawe pembeni, mchele kwenye sufuria, nampa kitumbua.

Ilichukua kama siku kumi hivi. Alikuja, akahesabu, akanitazama. Ndotoni sikukumbuka mpango wowote, lakini mkono wangu ulikuwa na kitu. Akakila palepale, moto vile, akapuliza vidole. Sikushtuka. Niliamka kwa saa, saa kumi, nikaenda kusaga.

Wewe una gari lisilo na breki. Nakuuliza kama mdogo wako: uliwahi kupata ajali, au kuiona kwa macho? Hukuandika. Kama ipo, basi ndoto hiyo si ya kidonge peke yake, na hapo mtu wa kuongea naye ni mshauri au daktari wa afya ya akili, hospitali za mkoa wapo, wala si aibu. Kama haipo, mpe gari lako njia ya kupandia. Madereva wa milimani wanazijua zile za kuegama kwenye tuta la mchanga. Lipeleke huko mchana, kila siku, likasimame.

Mawili ya haraka, maana nimeandika mno. Muulize mkeo kama unakoroma mpaka pumzi inakatika kisha unashtuka kama mtu anayetoka majini. Presha, uchovu na kukoroma vikikaa nyumba moja, tatizo laweza kuwa njia ya hewa kuziba usingizini, na hilo lina vipimo na tiba. Wewe unabeba abiria, kusinzia kwako si kwako peke yako. Na kama kuna siku umempiga ngumi mkeo usingizini au umeruka kitandani ukifuata ndoto, hasa kwa wazee wa kiume wanaosoma hapa, mwambieni daktari hilo kwa jina lake, msilifanye kichekesho cha familia. Hapo kufuli la mwili halifungi, na inaweza kuwa dalili ya mapema ya maradhi ya ubongo.

Wengine mtauliza mimi niliishia wapi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegravir iwe chaguo la kwanza, na mwisho wa mwaka huo nami nikabadilishiwa. Hii nayo huwanyima wengine usingizi, kwa hiyo niliambiwa niimeze asubuhi. Naimeza saa moja nikishauza beseni la kwanza. Kaka hajaja tena kwa zile ndoto za harufu. Nawaambia ukweli, mwezi wa kwanza nilikuwa nalala mapema nikimngoja.

Sasa kaka dereva, usiache dawa. Narudia kwa sababu najua kesho kuna mtu atasoma nusu ya uzi huu na kutupa pakiti. Mimi ningeruka kidonge changu virusi vingejifunza dawa. Wewe kama ni propranolol na ukaikata ghafla, moyo unaweza kukurudi vibaya, hiyo hupunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo. Nenda na hiyo pakiti kwa aliyekuandikia, mwambie tarehe ulipoanza dawa na tarehe ndoto zilipoanza, na umuulize kama saa ya kumeza inaweza kubadilishwa, au kama ipo ya ukoo huohuo isiyoingia ubongoni kwa wingi, kama atenolol. Nenda na daftari. Kwa siku saba andika umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, umekula na kunywa nini, umemeza saa ngapi. Ndoto yenyewe mstari mmoja unatosha.

Lakini kabla ya yote hayo, tusije tukawa tunapiga ramli nasi: ile dawa inaitwaje? Soma maandishi madogo nyuma ya pakiti, siyo jina kubwa la mbele, uje uyaandike hapa.